Pedeli Ndefu, Nakala Tatu

Jumatatu, 5 Agosti

Tangazo limebandikwa ubaoni. Nimelisoma mara nne, mara ya nne kwa kidole. Ofisi yetu ya maji imepata pikipiki moja ya kuzungukia mita. Makarani walio kwenye majaribio ni wawili, mimi na Kola. Ijumaa saa nne tutaendesha uani mbele ya Meneja, mizunguko mitatu kila mmoja. Atakayeendesha vizuri atathibitishwa kazini na kupewa pikipiki. Mwingine "atashukuriwa". Sijawahi kuogopa shukrani kiasi hiki.

Kola tunamwita hivyo kwa sababu husimamisha kola ya shati hata siku ya joto la kuyeyusha lami. Ana miguu midogo, ya kupendeza, na anajua.

Saa sita tuliruhusiwa kuijaribu. Pedeli yake ya gia ni ile fupi. Gia ya kwanza unakanyaga kwa ncha ya kiatu, zinazofuata unachomeka kiatu chini ya pedeli na kuinua. Kola aliinua kama mtu anayefungua bahasha. Mimi navaa namba arobaini na sita. Kiatu hakipiti. Nilikiingiza kwa ubavu, kikakwama, na mlinzi ndiye aliyekuja kunichomoa. Kola akaniambia pole, ndugu msomi, labda ujaribu kwa mkono.

Jumanne, 6 Agosti

Ninaishi kwa dada. Mumewe, shemeji yangu, ana pikipiki yenye pedeli ndefu ya pande mbili, mbele ya kidole, nyuma ya kisigino. Hakuna kuinua chochote. Kisigino kikikanyaga, gia inapanda.

Alinifundisha asubuhi uani. Kila nilipokosea alisema tena, shem, kwa upole wa mng'oa meno. Mara ya tatu niliingia na pikipiki kwenye kamba ya nguo. Dada alitoka akauliza kama chuo kilinipa shahada ya kuanua. Lakini mara ya saba ilikubali. Gia ya pili. Gia ya tatu! Laini kama droo mpya. Nilitaka kulia, nikaogopa dada ataona.

Hapo likaja wazo. Mguu haubadiliki, basi ibadilike pedeli. Likaja na la pili, ambalo naliandika hapa tu. Mguu wa Kola haufiki kwenye kisigino cha pedeli ndefu. Atabaki ananing'iniza kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

Mchana nilikwenda kwa fundi. Ni mama asiyecheka, mwenye gereji nyuma ya ofisi yetu. Alinipangia pedeli tatu juu ya gunia: fupi, ndefu ya mbele tu, na ya pande mbili. Akanipima mguu kwa spana. Akauliza, karani, huu mguu ni wako peke yako au mnachangia? Nikachagua ya pande mbili. Akasema sawa, ila pikipiki ni ya ofisi, na bila karatasi yenye muhuri hagusi hata nati.

Karatasi. Amemwambia mtu anayehusika.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeandika barua. YAH: KUBADILISHWA KWA PEDELI YA GIA. Aya nne. Usalama wa mtumishi, uhai wa kiatu, heshima ya ofisi machoni pa wateja. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, ila kuna ukweli ambao haukualikwa. Muhuri unakaa mezani kwangu, na daftari la namba za barua pia ninalitunza mimi. Sikumwambia mtu yeyote. Kufikia saa saba fundi alikuwa amefunga pedeli ndefu. Nimeenda kuiangalia mara tano, nikijifanya natafuta kivuli.

Saa tisa nilikumbuka jambo. Nilifundishwa kwamba barua isiyo na nakala ni uvumi. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa nimetoa nakala tatu: fundi, faili, na "wapandaji wote, kwa taarifa". Wapandaji ni wawili. Nakala ya Kola nilikuwa nimeiweka mwenyewe kwenye trei yake. Nikainyoosha na pembe.

Alhamisi, 8 Agosti

Kola aliisoma akinywa chai. Hakukasirika. Alinipongeza kwa aya ya tatu. Mtu akikupongeza kwa aya, jihadhari.

Saa nne akaja mezani kwangu kuomba namba ya barua yake. YAH: KURUDISHWA KWA PEDELI YA AWALI. Nilijua inakwenda kuniua. Lakini barua haiwezi kutoka ofisini bila namba. Nikampa. Muhuri nao aliugonga ukapinda, nikamwambia alete, nikaugonga upya, wima.

Saa tano pedeli fupi ikarudi. Saa sita nikaandika barua. Ndefu. Saa nane akaandika yeye. Fupi. Saa tisa unusu nikaandika tena. Ndefu. Kila barua yangu alipata nakala, nami nilipata za kwake. Lazima niseme anaweka pambizo vizuri.

Jioni fundi aliniita pembeni. Alisema yeye hutii karatasi ya mwisho, lakini kile chuma kinachoshika pedeli kina meno, na meno yameanza kulika kwa kufungua na kufunga. Alisema mko kama watoto wawili mnaovutana shuka, na shuka hiyo inachanika. Akasema nimwambie Meneja leo. Nikasema nitamwandikia. Sikumwandikia. Pedeli iliyobaki ni yangu, ndefu. Kwa nini nimsumbue tena fundi, mama wa watu?

Ijumaa, 9 Agosti

Kola alikuja na buti za dada yake, zenye kisigino kirefu. Alipokaa kwenye pikipiki, kisigino kilifika.

Nilikuwa nimeomba nianze wa pili, nijifunze kwa makosa yake. Meneja alisimama kivulini na faili. Kola akaweka gia ya kwanza, akaondoka. Mbele yangu hasa akakanyaga kisigino apandishe ya pili. Pedeli ikachomoka. Ikabingirika, ikaja kutulia kwenye kiatu changu.

Nilikuwa na sekunde moja ya kufikiri, na niliitumia vibaya. Niliiokota nikaisokomeza ndani ya shati, nikaibana kwa mkanda.

Kola hakuwa na gia nyingine. Alizunguka mizunguko yote mitatu kwa gia ya kwanza, injini inalia, yeye anatokwa jasho, mwendo wa maandamano ya mazishi. Meneja alimtazama kwa macho ya upendo. Akasema huyu kijana ana adabu, hana haraka na mali ya ofisi.

Kisha akaniambia zamu yako, mwanangu. Nikainua mguu nipande. Pedeli ikateleza, ikapita suruali nzima, ikatokea chini, ikakaa juu ya kiatu. Mguu wangu na pedeli, hatimaye, pamoja.

Meneja akauliza hii ni mali ya nani. Nikasema ya ofisi. Akauliza inafanya nini kwenye suruali yako. Nimesoma miaka kumi na sita. Hakuna aliyewahi kunitahini hilo.

Akafungua faili. Barua zote zilikuwemo, kwa mpangilio wa namba, kama nilivyozipanga. Akasoma. Akafunga. Kola amethibitishwa. Mimi nitachunguzwa. Na kanuni zetu zinasema mtumishi anayechunguzwa haondolewi kazini mpaka uchunguzi uishe.

Kwa hiyo sijashukuriwa. Bado.

Jumatatu, 12 Agosti

Fundi amefunga chuma kipya na pedeli fupi. Kola yuko nje anasoma mita. Uchunguzi unahitaji karani wa kuuandika, na karani aliyebaki ofisini ni mmoja.

Nimejiandikia barua ya kutakiwa kujieleza. Kali sana. Nilipoipokea nilitetemeka. Nimejipa siku kumi na nne. Nimejiandikia kuomba muda zaidi. Nimelitafakari ombi hilo bila upendeleo, nimelikubali.

Fundi alipita dirishani akasema, karani, umepona kwa bahati, kaa kitako, usiguse kitu. Ushauri mzuri mno. Nimeuingiza kwenye daftari, nikaupa namba.

Ila leo asubuhi nilimwona Kola akisimama getini. Miguu yake inagusa chini kwa ncha tu. Kiti kikiinuliwa kidogo, vidole vitatu hivi, hatagusa kabisa. Nimeandika barua. YAH: KUINULIWA KWA KITI CHA PIKIPIKI. Safari hii nimekuwa mwangalifu, siri tupu. Nakala ni tatu tu: fundi, faili, na wapandaji wote. Mpandaji sasa ni mmoja. Yake nimeiweka kwenye trei, juu kabisa, aione akirudi.