Jinsi Mama Mswaki Alivyolikomboa Jino la Mbwa wa Pangoni

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, acheni chai ipoe vikombeni, mpate habari ya Mama Mswaki, muosha mifupa wa chumba cha nyuma cha makumbusho, bingwa wa beseni na povu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakupoteza hata ukucha wa sungura.

Asubuhi hiyo iliwekwa mbele yake mifupa ya mbwa, iliyofukuliwa katika pango walimozikwa watu wa zama zisizo na maandishi. Mbwa huyo alikutwa amelala miguuni pa mwanamke mzee, meno yake yote yakiwa kinywani. Mama Mswaki akayaosha moja moja. Na alipolifikia la mwisho, dogo kama punje ya mahindi, likamponyoka, likapiga mbizi, likazama katika tundu la sinki, ambalo chujio lake alikuwa ameliondoa mwenyewe ili alisugue.

Akafunga maji kwa kishindo, akampigia simu shemeji yake, fundi bomba wa jengo. Fundi akaja na spana, akainama, akatazama, kisha akashauri amani: mabomba haya ni makongwe, yakiguswa yatavuja, na jino moja kati ya arobaini na mawili nani atalihesabu?

Ndipo shujaa akasimama, mikono ikimchuruzika, akanena:

"Shemeji, mbwa huyu amemlinda bibi yake gizani maelfu ya miaka, hakula wala hakuhama. Halafu jino lake lipotelee mikononi mwangu, mchana kweupe? Nipe spana."

Akapiga magoti, akaingia chini ya sinki kichwa na mabega, katika himaya ya kutu na buibui. Bomba likagoma. Akalishambulia mara tatu. Ya nne likasalimu amri, likamtapikia usoni maji meusi, majani ya chai, na nywele za watumishi waliokwisha kustaafu. Shemeji akaona haya, akashika ndoo. Wakalichambua tope kwa vidole kama wachaguao mchele, mpaka kidole cha mama kikagusa kitu kigumu.

"Ndilo," akasema.

Alasiri mkuu wa chumba akapita, akahesabu, akaandika daftarini: meno arobaini na mawili, kamili. Akauliza tu mbona sakafu imelowa.

"Nimepiga deki," akajibu shujaa.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba mbwa yule alirudi sandukuni mwake, ubavuni mwa sanduku la bibi yake, mzima asiyepungua. Na fundi bomba, kila apitapo mlango ule, humvulia kofia shemeji yake, hata akiwa amebeba ngazi.