Kucha Zangu Zimepona, Nani Atamkuna Bibi?

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Ngozi.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini u mzima, wewe na mashine yako. Mimi ni yule muuza vitambaa mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, ulioziacha kucha na vishimo kama subana ya fundi cherehani. Kwa miezi mingi niliingiza mikono kwenye mwanga wa taa yako ya tiba, miwani myeusi usoni, nikidhani unanitendea wema. Kucha zimepona. Ndiyo maana nalalamika.

1. Dukani, kucha zangu zilikuwa zikinasa hariri na kuchomoa nyuzi, kwa hiyo tajiri aliniweka kona ya maturubai, ambako mteja hufika kwa kupotea njia tu. Nilisinzia kwa heshima zangu. Sasa nimehamishiwa kwenye hariri. Nasimama kutwa, na wateja wana maswali!

2. Mke wangu, aliyekuwa akinionea huruma, amegundua kwamba kucha nzima humenya vitunguu saumu. Sina tena pa kujificha.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Bibi yangu mzaa mama huwashwa mgongo kila jioni, na katika ukoo mzima alisema kucha zangu tu ndizo zinazojua kumkuna. Mimi niliyekuwa nikificha mikono mfukoni hata harusini, aliniita mbele ya wajukuu wote, nami nikajiona mtu mbele za watu. Juzi nilimkuna kwa hizi kucha zako laini. Alizitazama, kisha akamwita binamu yangu, yule aliyeungua mkono na sasa huuficha, ambaye hata kukuna hajui! Daktari, nililia.

4. Kwa kuwa taa iliyoufukuza ugonjwa bila shaka inajua ulikokimbilia, naomba uiwashe kinyumenyume. Sina tamaa, kidole gumba kimoja kinatosha. Ukishindwa, nitamleta Bibi hapo kliniki umkune mwenyewe.

Nisalimie muuguzi wa chumba cha taa, mlinzi wa getini na wagonjwa wote, isipokuwa aliyerithi kiti changu.

Wako mtiifu, niliyepona nikapata hasara,
Muuza Vitambaa

Nyongeza: Bibi ameniamuru nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Amecheka mpaka machozi. Anasema mgongo wake haujawahi kuwasha hata siku moja; alitaka tu nitoe mikono mfukoni. Mimi nimeshaitoa, sasa ni zamu ya binamu. Basi Daktari, taa iache ilivyo, na Mungu akubariki. Lakini lile la vitunguu saumu bado nalilalamikia.