Mzee Wangu Aliyetelekezwa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Leo nimeanza mafunzo ya nyanjani! Mimi, Kaingu, mwanafunzi wa kazi za jamii, nina meza yangu mwenyewe katika kituo cha ustawi wa jamii hapa Bondeni. Mguu mmoja wa meza ni tofali. Si neno. Mama ameshalitangazia kanisa zima la Tudor kuwa mwanawe ni afisa, na mimi sikumkosoa.

Tatizo ni moja tu. Mkuu wa kituo, Bi Nasipwondi, kasema mhadhiri wetu, Daktari Faraj, atashuka kutoka Nairobi Alhamisi ya wiki ijayo. Kila mwanafunzi ampeleke kwenye familia anayoisaidia. Asiye na familia atarudia mafunzo yote mwakani, na hatahitimu na wenzake. Lo! Nitamwambia nini Mama? Na kanisa je?

Ketty, mwanafunzi mwenzangu, tayari ana familia. Kaipata kabla ya chai ya saa nne! Binti huyu alizaliwa kunikera.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempata! Nimempata!

Nilipita Mji wa Kale alasiri, nikamwona bibi kizee kakaa barazani kwake, anajipepea. Peke yake! Hana mtu kushoto, hana mtu kulia. Moyo ulinidunda. Nikamwamkia. Anaitwa Bi Nuru. Akaniuliza mimi mwana wa nani, kwetu wapi, nimekula nini mchana. Maswali mengi kama hayo ni dalili ya upweke, tumefundishwa. Akaniletea viazi vya karai. Nikala, ili kujenga uaminifu. Akaniongeza. Nikazidi kuujenga.

Ndani mlikuwa na mtu anacheka. Ni bintiye, Salha, ameachika, ndiye anayepika hivyo viazi vya kuuza. Huyo sitamtaja. Anaharibu picha.

Nimeandika kwa herufi kubwa: MZEE ALIYETELEKEZWA. Ketty alipochungulia akaniuliza, viazi kapika nani? Wivu huo.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya ushindi! Kitabu kinasema usimtegemee mwenye shida peke yake, waulize na jirani zake. Kuna sehemu inasema mwenyewe aombwe ruhusa kwanza, lakini hiyo ni ya watu wenye nafasi. Mimi nina wiki moja.

Basi nikanunua halua ya kulainishia ndimi, nikaingia mtaani kwa Bi Nuru nyumba kwa nyumba. Hii ni familia ya watu gani? Wana ugonjwa wowote? Huyu binti tabia yake ikoje? Ana hasira? Mume kwa nini alimwacha?

Jamani, watu wa mtaa ule ni wakarimu wa habari! Nimezoea watu kumkimbia afisa. Hawa walinikimbilia. Mshona kofia aliweka sindano chini. Muuza kahawa hakutaka hata kulipwa. Madirisha ya juu yalifunguka yote. Wakasema Salha ni mtu wa heshima, mume ndiye aliyekuwa hovyo, na mkono wake jikoni hauna mfano. Kisha wakataka kujua nani kanituma.

Nikasema kwa fahari: Daktari Faraj.

Wakauliza ni mtu wa namna gani. Hapo akili yangu ikafanya kazi! Sifa nitakazomwaga leo zitamfikia akija Alhamisi ijayo, na alama zangu zitapanda. Nikamsifu mpaka sauti ikanikauka. Msomi, mpole, hakosi msikitini, ana nyumba yake. Mkewe alifariki miaka mitatu sasa, hajaoa tena, anajikaangia mayai. Mama mmoja dirishani akashika shavu, akauliza, mayai kila siku? Nikamthibitishia. Akasema masikini ya Mungu. Wengine wakaitikia.

Sijawahi kuona mtaa unaojali elimu ya juu kiasi kile.

Jumamosi, 10 Agosti

Habari zangu zimefika Tudor! Lakini zimefika zimepinda. Mama kasikia sokoni kuwa namtafutia mtu mke Mji wa Kale. Kasema ukimuulizia binti wa watu kwa majirani, na halua mkononi, utaeleweka hivyo tu, iwe kwa Waswahili iwe kwetu Wagiriama. Kaniuliza kama nina wazimu.

Nikamweleza taratibu kuwa huo ni uchunguzi wa kitaalamu, na kwamba yeye hakusomea. Akarudi kwenye mbaazi zake. Namwonea huruma, kizazi chao kina mambo ya kale mno.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekwenda kumtayarisha Bi Nuru. Nikamwambia keshokutwa baada ya alasiri mwalimu wangu atakuja. Akashtuka. Akauliza, aje mwenyewe? Kwa miguu yake? Enzi zake mwanamume hakuonekana mpaka mambo yaishe. Nikamwambia siku hizi lazima mtu ajionee kwa macho. Akafikiri, akasema haya, dunia imegeuka, na karibu yake. Atamwita kakaye, Mzee Aidarus.

Nikaruka! Nikamsihi asimwite mtu yeyote. Akae peke yake, avae kanga kuukuu, nyumba iwe kimya, na uso auhuzunishe kidogo. Nikamwonyesha namna ya kuuhuzunisha. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema hajapata kuona kijana mwenye maskhara kama mimi.

Salha naye akatoka mlangoni kunitazama. Akauliza kama mwalimu wangu ana meno yake yote. Swali la ajabu! Nikasema yote, tena meupe. Akaingia ndani anacheka. Mwanamke huyu hana huzuni hata chembe. Keshokutwa sijui nitamficha wapi.

Ketty kasema ataandamana nasi ili ajifunze kwangu. Ajifunze kwangu! Nimenyoosha shati jeupe kwa pasi mara mbili.

Alhamisi, 15 Agosti

Nitaandika yote.

Njiani nilimwandaa Daktari Faraj. Nikamwambia ajikaze, hali atakayoiona inatisha. Bibi hana mtu. Njaa. Kimya. Daktari akavua miwani akaifuta. Alikuwa ameguswa!

Tukakata kona.

Baraza imeoshwa inang'aa. Udi unanukia mpaka njiani. Viatu vimejaa mlangoni, mpaka tukakosa pa kuweka vyetu. Mzee wangu mpweke kazungukwa na ukoo mzima! Dada, wajomba, wakwe, wajukuu, mshona kofia, na yule mama wa dirishani akinielekeza kidole: huyo ndiye mwenye mayai. Hapana, akasema mwingine, mwenye mayai ni yule wa miwani.

Daktari akaniuliza kwa sauti ya chini njaa iko wapi. Nikasema labda imefichwa.

Tukakalishwa. Sinia ya halua, sinia ya vitumbua, kahawa. Mzee Aidarus, kanzu yake nyeupe kama karatasi, akakohoa, akasema ujumbe wameupokea, wameuliza na wao upande wao, na hawana kipingamizi. Daktari akajibu kwa adabu kuwa amekuja kuona namna ya kumsaidia bibi. Mzee Aidarus akasema hilo ni jema, mkwe mwema humtazama na mama wa mke. Daktari akaweka kikombe chini. Kisha akageuza shingo kunitazama, polepole mno. Ketty alikuwa ameuma mtandio wake.

Nikafumba macho. Nikauona mwaka mzima wa kurudia. Nikaliona kanisa.

Ndipo sauti ya Salha ikatoka nyuma ya pazia. Akasema mara ya kwanza aliozwa bila kuulizwa, na matokeo kila mtu aliyaona. Safari hii anauliza yeye. Akataka kujua kama Daktari atamwacha aendelee na biashara yake. Kama akikasirika hununa au husema. Na hayo mayai, ni kwa kupenda au kwa kutojua?

Daktari angeweza kusema palepale kuwa limetokea kosa. Mlango ulikuwa wazi. Badala yake akanyoosha tai. Akasema biashara ya mtu ni yake. Akasema hununa, lakini si kwa muda mrefu. Mayai ni kwa kutojua. Pazia likacheka. Daktari akaona haya kama mwana wa shule, akaomba kikombe kingine cha kahawa.

Nje alinipeleka pembeni. Kasema pale hakuna aliyetelekezwa. Kasema nimeanika mambo ya watu mtaa mzima bila idhini yao, na idhini ndiyo somo la kwanza kabisa la kazi yetu, kwa hivyo nitarudia mafunzo yote mwakani.

Akapiga hatua mbili, akarudi. Akaniuliza kama yule bibi wa nyuma ya pazia hucheka vile siku zote.

Jumatatu, 19 Agosti

Ketty amepita. Mimi narudia. Mama nimemwambia, alilia kidogo, kisha akaniuliza kama angalau harusi itakuwepo.

Itakuwepo! Daktari Faraj kapiga simu kituoni asubuhi. Nikadhani amenihurumia. Hapana, alama ni zilezile. Kasema kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza, nimalize: niandamane na wajomba zake kupeleka posa rasmi, na nisiseme neno hata moja nikiwa huko. Tumekwenda alasiri hii hii, na wamekubaliwa. Ndoa baada ya mvua za vuli. Bi Nuru kanibusu paji la uso mbele ya watu wote, kaniita mwanawe. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa nimefeli.

Bi Nasipwondi kanipa kitabu, kasema nisome upya sura ya idhini na siri. Nimesoma kichwa chake. Kinaeleweka.

Lakini sikiliza! Jioni hii napita Mbaraki, nani kakaa nje ya nyumba yake, kwenye kigoda, anatazama winchi za bandarini? Mzee. Peke yake! Hana mtu kushoto, hana mtu kulia. Nimesimama dakika nzima, moyo unadunda. Kumbe mwaka wa kurudia ni bahati, wenzangu watachelewa kumpata huyu.

Muuza maji pale kaniambia mzee huyo ana mabinti wanne. Nimemwambia aendelee.

Kesho naanza na majirani. Halua nimeshanunua.