Mkate wa Kumtoa Mama Chumbani

Jumatatu, 2 Juni
Daktari wa Lubumbashi amesema saratani imekwisha. Vizuri. Mbona basi mama hatoki chumbani? Tangu arudi hapa nyumbani Kapata anakaa kitandani, kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Hacheki. Haulizi hata bei ya makala ya kupikia. Nimesoma (sikusomea saikolojia bure) kwamba kukanda unga humtoa mtu uchungu uliobaki moyoni. Tutakanda!

Jumatano, 4 Juni
Nimempelekea beseni kitandani. Nikamwomba aupige unga ngumi kana kwamba ndiyo saratani. Akautazama, akanitazama mimi, akasema unga haujamkosea kitu. Akageukia ukutani.
Nimekanda peke yangu. Nimelia kidogo ndani ya beseni. Chumvi ya bure.
Mama Zena, jirani, akachungulia juu ya ua, akasema atamletea mama, rafiki yake, mikate ya kukaanga. Kukaanga! Kana kwamba huzuni hutibiwa kwa mafuta!

Ijumaa, 6 Juni
Wazo kubwa. Mama anahitaji watu! Kesho wanawake wa mtaa watakuja kukanda pamoja naye uani. Nimeazima viti vya plastiki kanisani, na turubai kwa Séraphin, mchimbaji wa kobalti. Sababu sikumwambia mtu, hata hao wanawake, ni siri. Séraphin alinishika mkono kwa muda mrefu, macho yamelowa, akaniambia nijikaze. Nadhani ananipenda.

Jumamosi, 7 Juni
Turubai juu. Viti kwa safu. Birika kubwa la chai. Umeme hakuna, na bwawa la Nzilo la kuzalisha umeme liko hapo tu! Mkate wa mfano nimeuoka ndani ya sufuria, makala chini, makala juu ya kifuniko.
Wanawake wakaingia wakilia. Nikafurahi: uchungu unatoka, na unga hatujaugusa!
Kisha Mama Zena akajitupa mavumbini. “Mama Honorine ee, unatuacha na nani!”
Turubai. Viti. Chai. Mungu wangu, nimemwandalia mama matanga!
Mlango ukafunguka. Mama! Mmoja akaruka ua akakimbia. Mama akauliza nani alikufa. Mama Zena, akiwa bado chini, akajibu kwa sauti ndogo: “Ni weye, mama.”
Mama akacheka. Akacheka hadi kitambaa kikaanguka, na vinywele vyake vipya vikaonekana na wote, asijali. Akachukua kiti cha mbele. Akawaamuru waendelee kumlilia, maana walikuwa hawajafika kwenye uzuri wake. Mama Zena akafuta pua, akaanza upya.
Mkate umeungua.

Jumatatu, 9 Juni
Mama ameenda soko la Manika na Mama Zena, wamepanda pikipiki moja ya teksi-moto, wanapiga kelele kama wasichana. Nimechambua matokeo kwa makini. Hakuna shaka: ni mkate. Harufu yake, hata ya kuungua, ilimfungua moyo.
Tata Mukalay, mzee wa nyumba ya mwisho, ametoka hospitali leo, mnyonge sana. Viti nimekwisha kuazima. Turubai pia.
Safari hii nitaongeza kwaya.