Hotipoti Langu Limerudi Tupu

Al Nahda, Dubai
26 Juni 2007

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Kama umri wako umepita miaka sitini na mbili, shikamoo. Kama hujafika, naisubiri yako, na nitaiitikia kwa moyo safi ingawa nimekasirika.

Mimi ni Bi Hilwa binti Marhun, mtu wa Unguja, mkaazi wa Dubai mwaka wa thelathini huu, na ni mama yake Walid, mwanafunzi wenu wa uhandisi wa maji. Jina la mji wenu huko Ujerumani silithubutu kwa haya meno yangu ya bandia. Binti yangu Hind ameliandika juu ya bahasha. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Walid ameniambia hapo chuoni mnaye mwalimu, Mjerumani khasa, anayesomesha Kiswahili. Basi naomba akusomee, na asiruke mahali kwa kuogopa kukuudhi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Chakula. Nilikukabidhini kijana ambaye hali wali mpaka aone mchuzi wa nazi, na ndimu pembeni. Mwaka wa kwanza alikuwa akinipigia simu kulalamika kuhusu chakula chenu, nami nikifurahi kama mama mwengine yeyote. Siku hizi anakisifu. Anausifu mkate mweusi ambao, kwa picha niliyoiona, sisi tungeuweka mlangoni, mlango usipigwe na upepo. Anaisifu supu ya mbatata ya bwalo la chuo. Saa sita kamili yuko kwenye foleni na sinia lake, na akimaliza kula analirudisha mwenyewe dirishani. Jioni, anasema, huko watu hawawashi jiko. Wanakata mkate, wanaweka kipande cha jibini, wanakaa kitako, na ati wameshiba. Mheshimiwa, hicho si chakula cha jioni. Hicho ni kitu cha kumpa mgeni akitafune huku chakula chenyewe kiko jikoni.

Alipokuja likizo mwaka jana nilimpikia biriani ya mbuzi. Akala, akashukuru, kisha akaniuliza kama nina kabichi iliyochacha. Iliyochacha! Nyumbani kwangu kitu kikichacha hutupwa, na aliyekichachisha husemwa.

2. Safari. Mimi nilimleta kusoma. Lakini kila Jumamosi kijana yumo ndani ya treni. Mara Prague, amesimama juu ya daraja. Mara Vienna, anakula keki yenye jina refu kuliko la baba yangu. Brussels kala chipsi za mbatata ndani ya karatasi, kasimama barabarani kama hana kwao. Amsterdam kapanda baiskeli, na huyu ni mtoto ambaye hapa Dubai hakukubali hata kwenda dukani kwa miguu. Picha zote ananitumia kwa kompyuta na Hind ananifungulia. Sanamu zenu nyingi hazina nguo, na hilo nimelisamehe, maana kwa baridi ile adhabu yao wanaipata wenyewe.

Ninalotaka kujua ni jambo moja. Katika kila picha Walid yuko peke yake, anacheka, na anacheka akimtazama aliyeshika kamera. Nani huyo? Nimemuuliza mara tatu. Mara ya kwanza kasema rafiki. Mara ya pili kasema utamjua tu, Mama. Mara ya tatu kacheka, tena kile kicheko cha kwenye picha. Jirani yangu Mastula, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza, kasema huyo si rafiki, huyo ni mkwe. Tangu siku hiyo nalala vibaya.

3. Mmemharibu kwa utaratibu. Likizo hiyo hiyo tulikwenda Al Barsha kwa dada yangu, Ijumaa asubuhi, mwezi wa saba, mie nimebeba sufuria la pilau. Barabara nyeupe, hata paka hapiti. Mwanangu kasimama ukingoni. Nikamwambia yalla, tuvuke. Akasema taa nyekundu. Nikamwambia magari yako wapi? Akasema si suala la magari, ni suala la taa. Tukasimama pale tukiiva, mie na pilau, mpaka kimtu cha kijani kilipopenda kutokea.

Tena kaniwekea ndoo nne jikoni: ya karatasi, ya chupa, ya maganda, na ya nne sijaijua mpaka leo. Kila asubuhi ya likizo alikuwa akizishusha zote nne kwa mikono yake. Zadock, mlinzi wa jengo letu, Mkenya mwenye heshima zake, alikuwa akizipokea kwa adabu, anamshukuru, anamsubiri apande lifti, kisha anazimimina zote katika pipa moja. Aliniomba nisimwambie Walid, na sikumwambia.

4. Hotipoti. Hapa, Mheshimiwa, naomba mwalimu asome polepole.

Mwezi wa tisa Walid alirudi huko na hotipoti langu la bati, lile lenye maua mekundu, nililopewa siku ya harusi yangu. Nililijaza visheti juu na halwa chini. Nusu yake yeye, nusu mwenye nyumba wake, Bibi Gerlinde, ambaye nasikia ni mjane na anamfulia mwanangu mashuka. Hiyo ilikuwa salamu yangu kwake. Sasa sisi kwetu chombo cha mtu kikija na kitu hurudi na kitu. Huna keki, unatia maembe. Huna maembe, unatia ndimu mbili. Huna ndimu, unatia sukari kiganja kimoja, na hakuna atakayekucheka. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mtu: usituletee tena.

Mwezi uliopita Khelef, kijana anayesoma na Walid, alikuja likizo na akaniletea hotipoti langu. Nililipokea mlangoni. Limeoshwa, linang'ara, halijapata kung'ara hivyo tangu harusi. Nikalitikisa. Kimya. Miaka yote hii chombo changu naujua uzito wake, na uzito ulikuwa wa bati. Sikutaka hata kulifungua, wala mbele ya watu wala nikiwa peke yangu. Nililiweka juu ya friji, na liko hapo wiki ya tano hii, na kila nikipita jikoni linanitazama.

Walid akipiga simu huniuliza: Mama, chombo kimefika? Namjibu kimefika. Huuliza tena: na unasemaje? Namjibu sina la kusema, na ninavyolisema hilo nadhani hata nyinyi huko mmelisikia. Alhamisi iliyopita akauliza tena, nikajibu vile vile, akasema taratibu, nimeelewa, Mama. Kaelewa nini? Mie mwenyewe sijasema kitu!

Kama ushahidi wa utupu huo, naambatanisha picha ya ndani ya hotipoti, ambayo Hind ataipiga nikishamaliza barua hii.

5. Na hili ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Khelef huyo huyo, akinywa chai yangu, aliropoka kwamba mwalimu wa Walid amempa nafasi ya kuendelea hapo chuoni miaka miwili mingine. Miwili! Wala Walid hajaniambia neno. Mtoto aliyekuwa akiniambia hata akiota, leo habari zake naletewa na mtu wa pembeni, na biskuti mdomoni. Nilipika chai ya pili kusudi Khelef asiuone uso wangu. Mheshimiwa, namtaka mwanangu. Nimemkosa, khalas, sina namna nyengine ya kulisema. Meza yangu ina viti vinne na tunakaa wawili.

Kwa sababu hizo, ombi langu lilikuwa mumfelishe. Si sana, somo moja tu, asipendeze machoni pa mwalimu wake. Lakini Hind amenitanabahisha kwamba mkimfelisha atalirudia somo, na akilirudia atabaki mwaka mzima zaidi. Kwa hiyo naliondoa ombi hilo na kuleta jengine. Mpasisheni. Mpasisheni kwa nguvu zenu zote, mpeni daraja la juu kabisa, kisha mumwite ofisini mumwambie elimu imekwisha. Mwambieni mmetafuta kila kabati, haijabaki. Yeye ni mtoto mpole, ataamini.

Na kama mngekuwa na ustaarabu, katika miaka mitatu hii angalau mara moja mngenialika nije nione mnachomfanya mwanangu. Hamkunialika.

Nifikishie salamu zangu kwa walimu wote, kwa wapishi wa bwalo, ambao niko tayari kuwaelekeza kwa simu, na kwa mwalimu wa Kiswahili ambaye sasa hivi koo limemkauka. Bibi Gerlinde msalimie kwa ufupi. Huyo mpiga picha salamu zake zisubiri kwanza. Hind anakusalimu, Zadock anakusalimu, na Mastula naye anakusalimu bila ya kutumwa.

Mimi mwenye hasira na heshima, vyote kwa pamoja,
Bi Hilwa binti Marhun

Nyongeza. Mheshimiwa, simama hapo hapo. Hind alikwenda kulishusha hotipoti alipige picha. Kalifungua. Si tupu.

Ndani mna biskuti za mdalasini, nyembamba na nyepesi kama karatasi, zimepangwa safu safu na kuviringishwa kwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, ndiyo maana hazikugonga nilipolitikisa. Zimekaa juu ya friji wiki tano na bado zinalika. Nimekula tatu, ya nne Hind kaninyang'anya. Chini yake mna picha: Walid yuko juu ya lile daraja la Prague na bibi mwenye mvi, mkongojo mkononi, kamera shingoni. Nyuma ya picha kaandika: Mama, huyu ndiye Bibi Gerlinde, ndiye anayenipiga picha zote, ana miaka sabini na tatu na hapendi kusafiri peke yake. Toba yarabi. Basi huyo nampa shikamoo bila ya mjadala.

Chini kabisa mna barua mbili. Moja ni yako, ina muhuri na saini yako, unanialika kwenye mahafali tarehe ishirini Julai. Ya pili ni ya Walid. Anasema amepewa nafasi ya miaka miwili, anaitaka sana, lakini hatoikubali mpaka mie niseme ndiyo. Anasema nikinyamaza mpaka tarehe thelathini Juni atajua sikuridhia, ataiacha, atarudi nyumbani, wala hatoniuliza tena.

Sasa nimejua alichoelewa Alhamisi.

Nimempigia mara sita, simu imezimwa. Hind anasema yumo katika mtihani wa mwisho, na huko kwenu hata simu inatii saa. Kwa hiyo bahasha tumeiacha, na Hind anaikimbiza barua hii kwenye faksi ya ofisini kwake. Kama mwalimu wa Kiswahili ameanzia juu, mwambie anisamehe, aanzie hapa.

Nafasi ya Walid asipewe mtu. Akitoka mtihanini tu mshikeni, mumwambie mama yake kasema ndiyo. Analia, mwambieni na hilo, lakini kasema ndiyo. Na mimi kesho asubuhi nakwenda kuomba viza.

Hotipoti naja nalo mwenyewe, limejaa. Naomba mlifungue siku hiyo hiyo.