Mvuto wa Bwana Anselme

Hakuna mtu aliyezijua saa kama Anselme Golay, na shahidi wa jambo hilo alikuwa Anselme Golay mwenyewe!

Maisha yake yote alikuwa dereva wa gari la jibini. Lakini katika bonde la Joux hata ng'ombe ana binamu fundi saa, basi Anselme aliamini ujuzi huo unaambukiza kama mafua. Asubuhi ile aliingia kwenye nyumba ya saa, yaani kampuni yenye karakana ya mafundi, ametanguliza kifua, kama jogoo anayekagua banda la mwenzake. Ubavuni alikuwa na Ludivine, mchumba mpya, daktari wa meno wa Lausanne, mrembo na mwenye pesa zake. Saa angenunua Ludivine. Maneno angetoa Anselme. Walikuwa wamegawana kazi.

Mlangoni mama wa mapokezi aliwavisha makoti meupe, akauliza kama ilivyo desturi: "Mna simu? Pochi yenye kifungo cha sumaku? Chochote cha sumaku?"

"Sumaku yangu mimi ni mvuto tu, mama!" alijibu Anselme. "Na nikiuacha hapa utakusumbua!"

Ludivine akacheka. Alikuwa bado yuko kwenye siku za kucheka.

Ghorofani, Josiane Capt aliisikia sauti ya Anselme ikipanda ngazi, na kibano chake kikasimama hewani. Alikuwa mke wa mtu huyo kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kuondoka, viazi vikiwa jikoni, Anselme alisema amechoka kuishi na mwanamke anayesikiliza saa kuliko mume. Akabeba chungu cha kuyeyushia jibini, akamwachia zile uma ndefu za kuchovyea. Mpaka leo Josiane hajajua uma hizo bila chungu zina kazi gani.

"Shoga, ni yeye?" aliuliza Mireille, aliyekuwa akisugua kingo za chuma kwenye meza ya jirani. Hakuinua jicho kwenye lenzi.

"Ni yeye."

"Nimtegee mguu?"

"Tufanye kazi, Mireille."

Na kazi ilikuwepo. Mbele ya Josiane ililala saa aliyokaa nayo majira yote ya baridi. Aliikunja na kuikunjua springi yake, nyembamba kuliko unywele. Aliilaza chali, akaisimamisha, akaitia baridi, akaipasha joto, kama mtu anayelea mtoto mkaidi, mpaka ikakubali kwenda sawa. Mchana huo gari lingeichukua kuipeleka Geneva kwenye mashindano ya usahihi. Na kwa mara ya kwanza nyumba ilikuwa imekubali jina la mrekebishaji liandikwe kwenye sanduku. Josiane Capt. Si Golay. Capt!

Bwana Reymond, mkuu wa karakana, akafungua mlango kwa adabu. "Karibuni. Hapa ndipo..."

"Hapa ndipo saa hutiwa roho, mpenzi," Anselme alimkata. "Nilikulia humu humu."

Kama kukulia ni kuleta jibini la jikoni kwa mlango wa nyuma, hapo hakudanganya.

Alizunguka meza zote akifundisha. Alimfundisha mchora nakshi kuchora. Alimwambia mng'arishaji apunguze kung'arisha. Kwa Mireille aliokota kijiti kikavu cha mjentiana, ule mmea wa mlimani ambao wengine huutengenezea pombe na mafundi husugulia chuma.

"Ona, Ludivine! Wamekukumbuka daktari, wameweka vijiti vya meno!" Akakitia kinywani.

"Hicho nimekipaka unga wa almasi, bwana," Mireille alisema. "Kinasugua chuma tangu Jumatatu."

Anselme akameza mate, na bila shaka almasi kidogo.

"Leo walau ana kitu cha thamani ndani yake," Mireille alimnong'oneza Josiane.

Kisha Anselme akafika. Aliegemeza tumbo lote kwenye meza ya Josiane, juu ya saa, kama mtu anayeegemea kaunta ya baa.

"Aa, Josiane! Bado upo upo? Ludivine, huyu ni... tuliwahi kufahamiana."

"Kidogo kidogo," alisema Josiane. "Miaka kumi na tisa."

"Hii springi mimi ningeilegeza," Anselme alisema upesi, akazidi kuinama. "Imekaza. Inafanana na mwenyewe."

Bwana Reymond akakohoa, akaichukua saa. Ilibidi isikilizwe kwa mara ya mwisho kabla ya kufungwa. Akaiweka kwenye mashine inayopima mapigo. Jana mstari wake ulinyooka kwenye kioo kama kamba ya kuanikia nguo. Leo ulipanda kama paa la kanisa!

"Josiane! Inakimbia!"

"Haiwezekani."

"Inakimbia kama ng'ombe wanaoshuka mlimani kurudi zizini! Njoo uone!"

Karakana nzima ikanyamaza. Anselme hakunyamaza, hajawahi kuzoea.

"Mimi siingilii," alisema, akiingilia. "Lakini mikono yake ilikuwa mizito tangu zamani. Hata mayai alikuwa anayavunja."

"Mayai huvunjwa, Anselme," Ludivine alisema.

Bwana Reymond akashusha sauti. "Pengine tuiache, Josiane. Ipo ya mwakani."

Ya mwakani! Josiane alihisi majira yote ya baridi yakimteremka mgongoni mara moja. Alikwisha kunyang'anywa chungu. Sasa na jina?

Hakulia. Alivuta droo, akatoa dira ndogo aliyo nayo kila mrekebishaji, akaisogeza kwenye saa. Mshale ukaruka ukaielekea saa.

"Imeshikwa na sumaku," alisema. "Nani ameingia nayo humu?"

"Nione, nione," Anselme alisema, akasogea.

Mshale ukaiacha saa, ukageuka, ukamwelekea Anselme tumboni.

Akapiga hatua kulia. Mshale kulia. Akarudi kushoto. Mshale kushoto.

"Rudi tena kulia, bwana," Mireille aliomba. "Sijaona vizuri."

Hapo ndipo wote walipoliona koti lake. Usawa wa kitovu, skrubu ndogo zilizoruka kutoka meza ya Mireille zilikuwa zimejipanga kama nishani za jenerali!

"Bwana Golay, umevaa nini?" aliuliza Bwana Reymond.

"Sijavaa kitu! Ni damu! Ukoo wetu una chuma kingi mwilini. Babu yangu akipita shambani, majembe yalikuwa yanageuka kumtazama!"

"Damu haina tabia hiyo, Anselme," Ludivine alisema polepole. Kwenye mambo ya damu hakuwa mgeni.

"Basi nakwenda kuituliza!" Akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Kikasikika kitu kama mkanda mpana ukibanduliwa, krrrrr! Kisha kishindo cha chuma kikikutana na kabati la chuma na kukataa kuachana nalo.

Bwana Reymond alikwisha kuipitisha saa kwenye kifaa cha kuondolea sumaku. Dakika haikupita. Mstari ukanyooka, kamba ya nguo vile vile.

"Nisamehe, Josiane."

"Funga sanduku," alisema Josiane. "Jina lionekane."

Likafungwa. Chini uani gari likapiga honi, na wakati huohuo Anselme akarejea, anatabasamu, amenyooka kama mshumaa.

"Nimetulia," alisema. "Sasa, kama nilivyokuwa nikifun..."

Ka!

Akakunjika. Pua ikatazama sakafu, makalio yakatazama dari.

Kwenye nyumba za saa, mtu akiinama hivyo maana yake ni moja tu. "Asisogee mtu!" Mireille akapiga kelele. Mlango ukafungwa pap! Mafundi wote wakapiga magoti, kwani kipande kikianguka, hakuna mtu wala kitu kinachotoka chumbani mpaka kipatikane. Kinaweza kuwa kimenasa chini ya kiatu. Bwana Reymond naye akapiga magoti na suti yake. Ludivine naye, na sketi yake ya hariri.

"Umeangusha nini, bwana?"

Anselme alikuwa na nafasi nzuri sana ya kusema ukweli. Akaipita.

"Skrubu," alisema kutoka huko chini.

"Ya ukubwa gani?"

"Ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Haionekani kabisa!"

Wakatambaa. Walipapasa chini ya meza, wakapekua soli za viatu. Honi ikalia tena, kwa hasira. Sanduku lilikuwa ndani, mlango umefungwa, na dereva yule si mtu wa kusubiri.

Josiane peke yake ndiye aliyebaki kitini. Angependa kumwacha mtu yule ameinama mpaka theluji ianguke. Lakini jina lilikuwa kwenye sanduku.

"Inukeni," alisema. "Hakuna skrubu. Ni mgongo."

"Mgongo gani?" Ludivine aliuliza akiwa chini ya meza.

"Wake. Humshika akivua ule mkanda wake wa kiuno, wenye sumaku za kutuliza maumivu."

"Aliniambia ana miaka arobaini na tano!"

"Labda mgongo ulitangulia kuzaliwa," alisema Mireille.

Josiane akamgeukia Ludivine, bila ukali. "Njoo, mdogo wangu, nikuonyeshe. Goti unaliweka hapa, juu ya kiuno. Mabega unavuta huku mpaka usikie mlio. Ni kila asubuhi. Wakati wa baridi, na jioni pia. Mimi zamu yangu nimemaliza. Nakukabidhi."

Ludivine akasimama, akakung'uta sketi. Akautazama ule mgongo kama anavyotazama jino kila siku kazini, akipima kama ni la kuziba au la kung'oa.

"Bwana Reymond," alisema, "hilo gari linaweza kupitia Lausanne?"

"Kuna nafasi mbele, mama. Ila utalishika sanduku."

Akalibeba sanduku kwa mikono miwili, mlango ukafunguliwa, na visigino vyake vikashuka ngazi bila kusita hata kidogo.

Karakana ikarudi kazini. Josiane akaweka lenzi jichoni.

"Josiane," sauti ikaita kutoka chini. "Goti tu. Moja tu. Mke wangu..."

"Mchumba wako ameondoka na gari, bwana," alisema Josiane. "Na kwa vile uko huko huko chini, endelea kuitafuta ile skrubu."