Neno la Siri Lililomhusu Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Septemba 2007
Mkurugenzi wa kampuni yetu ya meli, Bwana Mikidache, kapiga simu kutoka Nosy Be. Maneno ya siri yote ya kompyuta yabadilishwe. Mimi ndiye msimamizi wa hiyo Linux, mfumo unaoziendesha, hapa Mahajanga. Fursa! La mtumiaji mkuu, linalofungua kila kitu, nitalijua peke yangu. Nani atathubutu kunifukuza? Faouzia wa mizigo anakinyemelea kiti changu, nimemwona.

Jumanne, 4 Septemba
Nimeandika Bahia, jina la mke wangu. Mashine: fupi mno. Nikaandika Mahajanga. Mashine: rahisi mno. Jeuri! Nikaandika la moyoni: BiKouraichiaAnakoromaKamaTrekta7. Likapita papo hapo. Bi Kouraichia ni mama mkwe. Nyumba yetu ya mtaa wa Ampisikina kamjengea binti yake, na kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Niliingia na sanduku moja, naweza kutolewa nalo. Lakini nani atajua? Ukiandika, hata herufi moja haionekani kwenye kioo.

Jumatano, 5 Septemba
Homa. Simu ikalia, mama mkwe akaipokea. Faouzia! Orodha ya abiria wa meli ya Nosy Be haifunguki bila neno la mtumiaji mkuu. Mama mkwe akataka nimtajie yeye, alifikishe. Nikavuta shuka hadi kichwani. Nikasema nimelisahau. Akanihurumia, akanipikia uji. Ndipo nikaogopa zaidi.

Alhamisi, 6 Septemba
Bwana Mikidache katua mwenyewe, kaja hadi chumbani. Abiria wamekwama bandarini. Ama neno, ama kazi. Nikaliandika kwenye karatasi, nikamtilia mkononi kwa siri. Kumbe miwani kaisahau! Akamwomba mama mkwe amsomee Faouzia kwenye simu. Akasoma. Kwa sauti. Herufi moja moja. Kwenye trekta akavuta pumzi, akaendelea hadi saba. Faouzia akaomba arudie.

Ijumaa, 7 Septemba
Meli imeondoka. Mimi pia. Nipo kwa mama yangu, mtaa wa Tsaramandroso, na sanduku. Bahia hanipokei mpaka nimwombe mama yake radhi mbele ya wazee. Naogopa kumkosa, nampenda mke wangu. Kazi ninayo, maana Linux hakuna mwingine anayeiweza. Mkurugenzi kaagiza neno jipya, la heshima. Nimeweka. Refu, linahusu kitambi chake, na mashine haikubisha hata kidogo. Safari hii hakuna atakayeliuliza.